Magunia Mia Nne na Sitini

Mrindi, Same
18 Februari 2024

Mwanangu Eliakimu,

Salamu kutoka huku juu kwenye ukungu. Sisi wazima, ila baba yako miguu inamsumbua tangu mvua zizidi. Siku hizi anatembea kwa kushika ukuta, na ukimwona anakwambia anakagua nyufa. Kanituma nikuulize kama Beatha ameanza kutembea. Nimemwambia mtoto ana miezi saba, akajibu kwamba wewe ulitembea na minane. Mimi nilikuwepo na silikumbuki jambo hilo, lakini nimeacha kubishana na kaka yangu.

Najua utasema, shangazi si apige simu. Huku simu inashika ukisimama pale kwenye jiwe la kanisa, na nikisimama pale kwaya nzima inajua habari zangu kabla yako. Halafu nimefundisha miaka thelathini na moja. Neno ambalo halijaandikwa mimi silihesabu kwamba limesemwa. Barua namkabidhi kondakta wa basi la asubuhi pale Same, wewe ukaichukue stendi.

Sasa mambo ya sukari. Tangawizi mwaka huu imetukubali, mashine ya kusaga inafanya kazi, na pipi zetu zinaulizwa mpaka Moshi. Kinachotukwamisha unakijua. Sukari imeadimika nchi nzima, na hata ile inayopatikana dukani ni ya kahawia. Ukiipikia pipi zinatoka na rangi ya udongo na zinanata kwenye karatasi. Tunataka ile nyeupe ya viwandani uliyotuambia. Akina mama walifurahi sana kusikia kwamba kikundi cha wapika pipi wa Mrindi kinaweza kupata kibali cha kuagiza sukari kutoka nje. Lukia aliuliza kama meli itakuwa na jina letu ubavuni.

Fomu zako nazirudisha. Nimesaini kila mahali ulipoweka alama ya kalamu nyekundu, pamoja na ile hati ya kupokea mzigo, ingawa mzigo wenyewe hatujauona. Lukia naye amesaini kama mtunza ghala. Hakuuliza kitu, kwa sababu aliyempa kalamu ni mimi.

Mungu akulinde na joto la huko.
Shangazi yako, Evaline


Dar es Salaam
7 Machi 2024

Shikamoo shangazi,

Barua yako ilinifikia siku ya nne, kondakta alikuwa ameisahau chini ya kiti. Sisi hatujambo. Beatha bado hajatembea, lakini anasimama akishika meza. Mwambie baba hivyo, ili utabiri wake usianguke wote. Mke wangu Irine anakuamkia na kuulizia tangawizi kavu.

Karatasi zimefika na sahihi ziko sawa. Kontena limeshashuka. Nikueleze kidogo kazi yetu sisi mawakala wa forodha, maana najua hupendi kupewa jibu bila njia. Mzigo hautoki bandarini kwa sababu upo. Unatoka kwa sababu karatasi zimekubaliana. Karatasi ya meli iseme sawa na ya muuzaji, ya muuzaji iseme sawa na kibali, na kibali chenu kinasema sukari hii inakwenda kupikwa kiwandani, si kuuzwa dukani. Ndiyo sababu ushuru wake ni mdogo. Zikikubaliana zote, lango linafunguliwa. Kazi yangu mimi ni kuzifanya zikubaliane.

Kwa kuanzia mtapata magunia arobaini, kabla ya Pasaka. Kuna mzee mmoja huku mwenye maghala, aliyelipia kontena kwa jina lenu, atashughulikia yaliyobaki. Naomba jambo hilo lisijadiliwe sana kikundini, maana watu wasiojua taratibu huchanganya maneno.

Msalimie baba. Mwambie nitakuja mwezi wa sita.
Mwanao, Eliakimu


Mrindi
14 Aprili 2024

Mwanangu Eliakimu,

Marahaba. Sisi tumeamka salama, na Pasaka ilikwenda vizuri. Baba yako alikula makande sahani mbili akaanza kulaumu meno.

Sukari imefika. Magunia arobaini, meupe, yenye maandishi ya nchi za watu. Gari liliishia pale barabara ilipomeguka, kwa hiyo tukapuliza pembe ya msaragambo kuita watu kwenye kazi ya pamoja, na wewe unajua pembe ile ikilia hakuna anayebaki nyumbani. Wanawake thelathini na wawili walibeba magunia yale mpaka ghalani, wawili wawili, na Lukia mbele yao na funguo shingoni akitembea kama askofu. Tulipofungua la kwanza watoto walidhani ni chumvi. Pipi za safari hii ni angavu, unaona mwanga ndani yake.

Na mabati yamefika. Eliakimu, sikutegemea. Mabati ya bluu, sitini, na misumari yake. Nyumba ya baba yako haivuji tena, na ukisimama kule ng'ambo ya bonde unaiona peke yake. Watu wanapita wanasema, kweli Mwalimu amelea. Mimi najifanya sisikii, halafu nawasimamisha niwape maji ili warudie.

Sikuuliza umeyapataje. Umekwenda kazini na umekumbuka nyumbani, basi.

Wako, Shangazi Evaline


Dar es Salaam
26 Mei 2024

Shikamoo shangazi,

Sisi wazima. Beatha ametembea hatua tatu Jumapili iliyopita. Kazi ni nyingi, nisamehe kwa ufupi.

Kuna robota za magunia matupu nimezipakia kwenye basi, zitafika Same Jumatano. Naomba mzichukue na kuziweka ghalani, upande wa ndani, karibu na yale mliyokwisha tumia. Ni utaratibu tu. Wanaweza kuja watu wa ukaguzi, huwa wanapita viwandani kuhakikisha sukari imetumika kama kibali kinavyosema. Wakiona magunia matupu wanajua imepikwa.

Mwezi wa sita sitaweza kuja. Mwambie baba.
Eliakimu


Mrindi
9 Juni 2024

Eliakimu,

Marahaba. Baba yako amefurahi kwa zile hatua tatu, na ameniambia niandike kwamba yeye alijua.

Robota zimefika. Nilizifungua peke yangu, mlango umefungwa, nikahesabu. Yapo mia nne na sitini. Yananukia sukari bado. Ndani ya mishono kulikuwa na chenga nyeupe, nikazigusa kwa ulimi, nikaona aibu kama mtu aliyekamatwa jikoni kwa jirani.

Arobaini na mia nne na sitini ni mia tano. Sina haja ya kuandika zaidi, wewe umesoma.

Nakuuliza jambo moja na ulijibu kwa mkono wako. Sukari iliyokuwa ndani ya magunia haya imepikwa wapi?

Barua ya serikali imeshafika ofisi ya kijiji. Wakaguzi watakuja wiki ya tarehe kumi na saba. Lukia ameanza kufagia ghala. Anaulizauliza wageni wanapenda chai ya namna gani. Ameniuliza pia magunia matupu ni ya nini, nikamwambia ni ya akiba. Hilo nimelisema mimi, si wewe.

Nangoja jibu kabla ya tarehe kumi na saba.
Shangazi yako


Mrindi
23 Juni 2024

Eliakimu,

Hukujibu. Nilipanda kwenye jiwe la kanisa mara tano nikakupigia mbele ya kwaya nzima. Simu yako haipatikani. Irine aliipokea yake mara moja akasema uko kazini, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeamini.

Nakuandikia yaliyotokea ili usije ukasema hukuambiwa.

Jumatatu ile nilimchukua baba yako nikashuka naye hospitali Same kwa ajili ya miguu. Daktari alikuwa amesema aende mwezi huu, hakusema siku. Siku niliichagua mimi. Nilimwachia Lukia funguo nikamwambia wageni wakija uwakaribishe, mimi narudi Jumatano.

Lukia kabaki na ghala. Sukari ilikuwa imebaki gunia moja na nusu, na upande wa ndani robota za magunia matupu. Akawaza peke yake. Akaona wageni wa serikali wanakuja kuangalia sukari ya kikundi na watakuta ghala tupu, na Mwalimu hayupo, itakuwa aibu ya Mrindi yote. Akapuliza pembe. Akawaambia wenzake, kila mtu alete sukari aliyo nayo ndani, tuijaze kwenye magunia yetu, wageni wakiondoka kila mmoja achukue yake. Wakaleta. Wengine walileta kwenye vikombe, wengine kwenye mfuko wa Rambo, mama mmoja alileta ile aliyoweka kwa ajili ya ubatizo. Yalijaa magunia mawili tu, mwalimu wa hesabu angewaambia mapema. Basi mengine tisa wakayatia pumba za mahindi mpaka shingoni, wakamwaga sukari juu kiasi cha sahani, wakayashona kwa uzi, vizuri kabisa. Hakuna aliyewaza kwamba yatafunguliwa. Lukia aliniambia baadaye, Mwalimu, mgeni gani anaingia kwa mtu anafungua gunia lake?

Walikuja watu wawili Jumanne. Wakanywa chai. Mmoja, kijana mpole, akatoa bambo kwenye begi, kile chuma chenye mfereji wanachochomea magunia, akachoma gunia la kwanza. Ikatoka sukari ya kahawia. Akacheka. Akachoma la pili, zikatoka pumba, akaacha kucheka.

Wakaitoa ile hati ya kupokea mzigo, magunia mia tano, wakamwuliza kama sahihi ya mtunza ghala ni yake. Akasema ni yake. Wakamwuliza nani alimpa karatasi asaini. Akasema hakumbuki. Akaulizwa na haya nani amejaza, akasema ni mimi peke yangu, wenzangu niliwaita kwa pembe, na pembe ikilia mtu haulizi.

Wameyafunga magunia yote kumi na moja kwa lakiri, na lile moja na nusu lililobaki, pamoja na sukari za watu. Lukia ametakiwa kwenda Same kila Jumatatu kuripoti, mpaka waamue kumfikisha mahakamani. Anashuka kwa miguu mpaka njia panda, halafu pikipiki. Ana miaka hamsini na minne.

Eliakimu, jina lile aliloliandika kwenye hati nilimfundisha mimi. Alikuwa darasa langu la kwanza kabisa, mwaka niliotoka chuo. Nilimshika mkono kuuongoza, maana herufi ya K alikuwa anaigeuza. Bado anaigeuza kidogo.

Evaline


Dar es Salaam
12 Julai 2024

Shikamoo shangazi,

Natumaini baba amepata nafuu ya miguu na ile dawa ya kuchua inamsaidia. Hapa Irine alikuwa na malaria lakini amepona. Beatha sasa anatembea, anaingia kila mahali, juzi alivuta kitambaa cha meza na vikombe viwili vikaenda. Mvua zimeisha. Kuna upepo siku hizi jioni na mtu unaweza kulala.

Nimeanza barua hii mara nne. Zile tatu ziliishia hapo kwenye upepo.

Shangazi, lilianza vizuri. Naomba uamini hivyo hata kama huamini mengine. Kibali nilikitafuta kwa ajili ya pipi zenu kweli. Ila mtu mmoja haagizi magunia arobaini, lazima kontena zima, na yule mzee wa maghala akasema atalipia kontena. Nikajua anataka nini. Sukari ilikuwa haipo mitaani, watu wanapanga foleni kwa kilo moja, na yeye angeingiza mia nne na sitini kwa ushuru wa kiwanda na kuiuza dukani ikiwa imebadilishwa mifuko. Niliyajua yote. Karatasi zilikubaliana, mimi nilizifanya zikubaliane, na kontena lilitoka siku sita tu. Bosi wangu alinipongeza kwa siku sita zile.

Mabati yalitoka kwa mzee huyo. Aliniuliza nyumbani kuna shida gani, nikamwambia kunavuja.

Kuhusu Lukia sijui niseme nini. Nimeongea na mtu anayejua sheria, anasema mama wa kijijini wa umri ule hawezi kufungwa, watamwonya tu, halafu jambo litasahauliwa. Nikijitokeza mimi leseni inakwenda, na Irine hafanyi kazi, na mtoto ndiye huyo. Nadhani tukinyamaza kidogo lenyewe litapoa. Naomba shangazi usiandike tena habari hizi kwenye karatasi. Zile barua zangu zichome.

Usimwambie baba.
Eliakimu


Mrindi
21 Julai 2024

Eliakimu,

Marahaba. Baba yako anaendelea hivyo hivyo. Beatha kuvunja vikombe ni dalili njema.

Barua zako sijazichoma. Ziko kwenye kopo la majani ya chai, kwa tarehe. Nilizisoma zote tena usiku mmoja na mchana mmoja, nikaona kitu. Tangu Machi hujaandika jina la Lukia hata mara moja mpaka nilipokulazimisha. Uliandika "kikundi", uliandika "watu wasiojua taratibu". Nimezisoma na nakala zangu mimi, maana nilizoea kuweka nakala, nikaona na mimi nina yangu.

Huyo anayejua sheria hajamwona Lukia Jumatatu asubuhi. Anavaa gauni la kanisani ili wasimdharau. Jumatatu iliyopita walimkalisha kwenye benchi mpaka saa nane, akarudi amevimba miguu, akapita hapa kunisalimu. Kunisalimu mimi. Akaniambia, usihangaike Mwalimu, wewe una mgonjwa ndani. Nilitaka ardhi inimeze pale pale.

Wanawake hawasemi kitu. Wangelaumu ningepumua. Uji wa watoto unanyweka hivyo hivyo bila sukari wiki ya tano sasa, na sukari yao imo ghalani imefungwa lakiri, wanaiona kwa dirisha. Mimi wananiita nikae mbele kwenye vikao kama kawaida.

Sasa sikiliza. Jumatatu ya tarehe tano Agosti Lukia anatakiwa kwa mara ya mwisho, baada ya hapo jalada linakwenda mahakamani. Siku hiyo tutashuka wote wawili, na mimi nitabeba kopo. Nitawapa barua zako zote. Sikutishi, nakupa tarehe. Ukifika kabla yake utasema mwenyewe kwa mdomo wako, na hilo ni jambo tofauti sana na kusomwa. Mtoto wa kaka yangu sitaki asomwe na watu kwenye meza ya ofisi.

Nimekulea nawe unajua sisemi mara mbili.
Evaline


Same mjini
2 Agosti 2024

Shikamoo shangazi,

Barua hii nimempa dereva wa pikipiki ailete mpaka mlangoni, nimemlipa na ya kurudi.

Nilifika jana jioni. Nililala gesti, sikupanda, naomba unisamehe. Nilijua nikipanda utaniwekea chakula, baba ataniuliza habari za mtoto, na asubuhi ningeondoka kwa basi la kwanza kurudi Dar. Najifahamu.

Leo saa mbili nilikuwa mlangoni kwao kabla hawajafungua. Nilikuja na nakala za hati zote, na jina la mzee wa maghala, na la ghala lenyewe. Nimeandika maelezo kurasa saba. Yule kijana mpole aliyekuja Mrindi ndiye aliyeniandikisha. Aliponiuliza kuhusu Lukia nikamtaja kwa jina, Lukia, mtunza ghala, hakujua chochote. Wamesema Jumatatu asiogope, wataandika kwamba hana kosa. Mimi wananibakisha kwa sasa.

Jambo moja. Nimewaambia kwamba wewe ulisaini karatasi tupu, na namba ya magunia niliijaza mimi baadaye kule Dar. Wameandika hivyo. Kwa hiyo usishuke na lile kopo, barua hazihitajiki tena. Kaa na baba. Mwambie niko semina.

Walau hilo niweze kukufanyia.
Eliakimu


Mrindi
18 Agosti 2024

Mwanangu Eliakimu,

Marahaba, baba. Nimesikia kwa Irine kwamba umepata dhamana na umerudi Dar kungoja tarehe. Ulipita Same na hukupanda tena. Sikulaumu. Baba yako nimemwambia ukweli, kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake, kwa hiyo majirani nao wanajua. Yeye alitoka nje kwa kushika ukuta akasimama kuangalia paa. Anataka mabati yateremshwe kabla ya vuli. Nimemtafuta fundi, anakuja Alhamisi. Tutarudishia yale ya zamani, nilikuwa nimeyaweka nyuma ya choo.

Jumatatu ile nilishuka. Najua uliniomba nisishuke. Tulifika na Lukia saa tatu, na yule kijana akatupokea vizuri, akamwambia Lukia mama wewe huna kosa, saini hapa uende nyumbani. Lukia akasaini. Ile K ameigeuza tena kidogo. Kisha kijana akanigeukia akasema, na wewe Mwalimu pole, mtoto wako ametueleza ulivyosainishwa karatasi tupu.

Eliakimu, hazikuwa tupu. Wewe unajua na mimi najua. Ile namba mia tano ilikuwa imechapwa, iko juu kulia, na niliiona siku ile ya Februari kabla ya kushika kalamu. Nimelijenga ghala lile na wenzangu kwa msaragambo, nilipima mwenyewe kwa futi. Linachukua magunia sitini, ukibana sana sabini. Nilifanya hesabu hiyo kichwani kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuiandika. Nikajua mia nne na kitu hayawezi kuja Mrindi. Nikasaini, kwa sababu nilitaka sukari nyeupe, na kwa sababu nilitaka watu waseme mtoto wa kaka yangu Tumainieli anafungua bandari. Halafu nikampa Lukia kalamu. Kila nilichokuuliza mwezi wa sita nilikuwa najua jibu lake tangu wa pili. Nilikuwa natafuta mtu wa kumkasirikia.

Nilimwambia yule kijana hivyo, mbele ya Lukia. Akaniambia, Mwalimu, ukishasema haya lazima niyaandike. Nikamwambia andika. Kopo la chai nililiacha pale mezani, na nakala ya barua hii ni ya kwanza kwenye kopo jipya. Kwa hiyo siku ya tarehe yako na mimi nitakuwepo, na si kwa kukusindikiza. Ulitaka kunisafisha, nami nakushukuru, lakini ulinisafisha kwa karatasi nyingine ya kufanya mambo yakubaliane.

Kutoka njia panda tulipanda na Lukia kwa miguu. Kwenye kona ile ya juu alinishika mkono nisiteleze, akauachia tulipofika pa tambarare.

Nilikaa wiki nzima nikitafuta maneno. Juzi nikaenda kwake kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, nilikuwa nimeyaandika kabisa. Alinikaribisha, akafuta kiti kwa khanga, akaingia jikoni kabla sijafungua mdomo. Akarudi na kikombe cha chai, kile chenye maua ambacho hutoa kwa mchungaji. Sukari zao bado zimefungwa ghalani, zinangoja kesi, hakuna anayejua mpaka lini.

Akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Akasema, "Nisamehe Mwalimu. Sukari sina."

Nikainywa yote.

Mbusu Beatha kwa ajili yangu.
Shangazi yako, Evaline